Chensoo ya Nyumbani: Tazama Meno Kabla ya Injini

Jirani yangu wa shambani, Muheza, alinunua chensoo, msumeno wa injini, kwa ajili ya mwembe mmoja mkavu uliokuwa umeinamia banda la mbuzi. Upanga wake, ule ubapa wa chuma unaozungukwa na cheni, ulikuwa wa inchi 22, ubavuni imeandikwa 58 cc, na muuzaji alimwapia kwamba hilo ndilo dume la machensoo. Asubuhi ya kwanza ilikata gogo kama inakata papai. Kesho yake mchana nikamkuta ameilalia kwa kifua, jasho linamtiririka, moshi unafuka kwenye mkato, na chini ya gogo kumerundikana unga laini kama sembe. "Imeshaisha nguvu," akaniambia. "Vitu vya siku hizi bwana, vya kutupa."

Tukaizima. Akavaa glavu, akawa anaizungusha cheni taratibu kwa mkono huku mimi natazama jino baada ya jino. Ncha zilikuwa zimeviringika kama kucha iliyopigwa msasa, na zilikuwa zinameta juani. Jino kali halimeti pale kwenye makali, kwa kuwa makali yenyewe hayana ubapa wa kurudisha mwanga. Injini ilikuwa nzima kabisa. Kosa ni kwamba gogo lilikuwa limelala chini, na kila mkato ulipofika mwisho cheni ilizama mchangani. Sekunde mbili tatu za mchanga zinatosha kufuta makali ya siku nzima.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue chensoo ipi, namjibu kwa swali: unajua kupiga tupa? Kama hajui na hana nia ya kujifunza, mashine ya bei yoyote itamshinda ndani ya wiki.

Jino linavyokula mti

Bara wengi tunasema chensoo, Kenya utasikia pawa soo, Unguja na Pemba ni msumeno wa moto, na vitabuni msumeno wa mnyororo. Andreas Stihl, mwanzilishi wa kampuni ya chensoo za Stihl, alifungua karakana yake Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1926, na mashine yake ya kwanza ilikuwa ya umeme, ya kushikwa na watu wawili. Cheni za enzi hizo zilikuwa na meno yaliyosimama wima kama ya msumeno wa mkono. Yalikwaruza mti, na yaliisha makali haraka.

Mageuzi yaliletwa na mdudu. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Marekani, aitwaye Joseph Cox, aliona buu nene kama kidole cha shahada likitafuna gogo gumu bila taabu, likila kushoto na kulia kwa taya mbili zilizopinda. Cox akaenda nyumbani kwake kufua chuma kinachoiga taya zile, na mwaka uliofuata cheni yake ilikuwa sokoni. Cheni iliyomo kwenye mashine yako leo ni mjukuu wa buu lile.

Ishike mkononi utaona. Kila jino lina kona. Upande wake wa wima unakata nyuzi za mti, na ule wa juu unapita chini ya nyuzi hizo na kuzinyanyua kama randa ya fundi seremala. Jino moja linatazama kulia, linalofuata linatazama kushoto. Cheni kali kwa hiyo hutoa vipande vya mti unavyoweza kuviokota kimoja kimoja. Ikianza kutoa unga wakati unakata gogo kwa kulivuka, simama, kwa sababu kuanzia hapo unausaga mti, unaipasha moto cheni, unaula upanga na unaitesa injini, vyote kwa pamoja.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo ambacho wengi hawakioni kabisa. Hicho ndicho kinachoamua jino lizame kiasi gani. Kwa cheni nyingi kinundu kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Ukinoa meno mara nyingi bila kugusa vinundu, meno yanashuka lakini vinundu vinabaki juu, na msumeno unateleza juu ya mti hata kama jino linakata karatasi. Wapo pia wanaovishusha kupita kiasi ili mashine "ile zaidi". Hiyo inakuwa ng'ombe asiyefungwa: inashika, inaruka, inakuvuta. Kila baada ya kunoa mara nne au tano, pima vinundu kwa kile kibati maalumu cha kupimia, upitishe tupa bapa mara moja au mbili tu pale panapochomoza.

Kunoa kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Tupa ya mviringo lazima ilingane na cheni. Cheni ndogo ya 3/8 (namba hii ni hatua ya cheni, yaani nafasi ya wastani kati ya ribiti na ribiti kwa inchi), ambayo ndiyo huja na mashine nyingi za nyumbani, hutumia tupa ya milimita 4. Cheni ya .325 inataka milimita 4.8, na 3/8 ile kubwa inataka 5.2. Tupa nene kuliko inavyotakiwa haifiki kwenye kona, na nyembamba sana inachimba shimo chini ya jino na kuacha ncha dhaifu inayomeguka. Bana upanga kwenye jiriwa, au chanja ufa kwenye kisiki uupachike humo. Funga breki ya cheni. Anza na jino lililochakaa kuliko yote, maana hilo ndilo litakalowapangia wenzake urefu. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa mshazari wa digrii 30 (cheni nyingi zina mstari mdogo juu ya jino unaoonyesha hivyo), inyanyue, irudishe hewani, sukuma tena. Tupa hukata ikienda tu. Ukiiburuza kurudi unaiua. Pasi mbili au tatu zinatosha kama hukungoja mpaka jino liwe butu kabisa, na idadi iwe ileile kwa kila jino. Maliza meno yote ya upande mmoja, kisha geukia upande wa pili.

Hapa kwenye usawa ndipo wanaoanza hukosea. Mkono wa kulia una nguvu, wa kushoto unabembeleza, na baada ya wiki chache meno ya upande mmoja ni marefu kuliko ya mwenzake. Dalili yake haiko kwenye meno, iko kwenye mti: mkato unapinda kama mwezi mwandamo. Watu hubadilisha upanga kwa ajili hiyo, wakati pasi moja ya ziada ya tupa kwenye meno marefu ingemaliza kesi.

Mimi nanoa kila ninapojaza petroli. Kwa mwembe au mgrevilea ni tahadhari tu. Kwa mnazi mzee ni lazima. Mnazi unadanganya: ndani ni laini kama sifongo, lakini nje pale mbao ni ngumu na ina chembe za silika, madini yaleyale ya mchanga. Misaji nayo ina silika, na waliofanya kazi kwenye shamba la misaji la Longuza watakwambia tupa huko hazidumu. Miti ya mipakani ina hatari yake nyingine, kwa sababu miaka ishirini iliyopita mtu alipigilia msumari wa kufungia seng'enge, gome likaumeza. Ukiona doa jeusi au la buluu kwenye mkato, kuna chuma karibu.

Ukubwa ni upi basi?

Kwa kaya yenye ua, miembe miwili mitatu na kuni za kupasua, injini ya cc 30 hadi 40 na upanga wa inchi 14 au 16 inatosha. Stihl MS 180, kwa mfano, ina cc 31.8 na uzito wa kama kilo 4 bila upanga. Wanaume wengi huicheka dukani. Lakini upanga wa inchi 16 ukikata kutoka pande mbili unamaliza gogo la inchi 24, na kilo hizo 4 utazishukuru saa nane mchana.

Mwenye ekari kadhaa za mikaratusi au mikorosho mizee apande kwenye cc 45 hadi 55, na upanga asizidishe inchi 18. Mashine za cc 60 hadi 75 ni za mafundi wanaoangusha miti kila siku. Zina uzito wa kilo 6 na ushee kabla hujafunga upanga, na mtu asiyezizoea huchoka, na kuchoka ndiko kunakokata miguu. Kuna pia ile Stihl 070 ya cc 105 inayopasulia mbao porini, zaidi ya kilo 10, nyingi hazina hata breki ya cheni. Hiyo si ya nyumbani hata kama mjomba anaiuza kwa bei ya kutupa.

Zile za Kichina za 52 na 58 cc zimejaa kila duka la zana, na sitaki kuzibeza, maana kuna watu wanakula nazo. Tatizo langu nazo ni upanga. Wanazifunga panga za inchi 20 na 22 ili zionekane za maana, wakati cheni ndefu inaipunguzia injini kasi na ncha ya upanga inakaa mbali na macho yako. Jirani alipofunga upanga wa inchi 18 na cheni mpya, mashine ileile aliyokuwa anaitukana ikaanza kutafuna.

Linalonisumbua zaidi ni nakala zinazovaa rangi na jina la kampuni ya Ujerumani. Bei ikiwa robo ya ile ya wakala, jua unachonunua ni rangi. Kabla hujatoa hela, muulize muuzaji akuonyeshe vitu vinne vya mashine hiyohiyo: cheni, sproketi (gurudumu la meno linaloizungusha cheni), chujio la hewa na kamba ya kuwashia pamoja na springi yake. Akianza kusema "tutakuagizia Dar", toka.

Cheni nayo ina vipimo vitatu, na vyote vitatu lazima vikubaliane na upanga: hatua yake (3/8, .325 na kadhalika), unene wa vijino vya chini vinavyopita kwenye mfereji wa upanga (milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6), na idadi ya vijino hivyo. Kwa kawaida vimegongwa kwenye upanga karibu na mahali unapofungwa kwenye mashine. Inchi peke yake hazitoshi. Niliwahi kununua cheni "ya inchi 16" kutoka duka moja la vipuri, nikafika shamba ikawa imezidi vijino viwili. Kilomita arobaini kwenda na kurudi. Siku hizi naenda na cheni kuukuu mfukoni.

Za betri zimeanza kuzoeleka mijini, na kwa kupunguza matawi na ua ni nzuri: hazina kelele za kugombana na majirani, hazina petroli. Kama tayari una drili ya kampuni hiyohiyo, huenda betri unazo. Ila cheni yake inataka tupa na oili vilevile, na inang'ata mguu vilevile. Na kama unahitaji kukata mti mmoja kwa mwaka, usinunue chochote. Tafuta fundi mwenye mashine yake, mpatane kwa mti.

Petroli, oili na bomba la sindano

Chensoo nyingi za petroli haziko kama bodaboda. Hazina sampu, kile chombo cha oili chini ya injini. Oili yake ya kulainisha pistoni huja ndani ya petroli yenyewe, kwa hiyo ukiijaza petroli kavu injini inanoki ndani ya dakika chache, na hakuna fundi wa kuifufua kwa bei ya maana.

Kampuni kubwa, zikiwemo Stihl na Husqvarna, zinasema sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, ukitumia oili nzuri iliyotengenezwa kwa injini hizi. Hiyo ni mililita 100 kwa lita 5, au mililita 20 kwa lita moja. Mashine nyingine, hasa zile za bei nafuu, kijitabu chake kinataka 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa lita. Fuata kijitabu. Kifuniko cha chupa si kipimo. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, tupa sindano, na umemaliza: lita moja, bomba moja. Weka nusu ya petroli kwenye dumu safi, mimina oili, tikisa, ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Usichanganye ndani ya tangi la mashine.

Watu wa pwani wana mtego wao wa pekee. Oili ya mashine za boti nayo ni ya kuchanganya na petroli, inapatikana kila bandari, na mvuvi yeyote atakupimia. Lakini ile yenye alama ya TC-W3 imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya bahari. Chensoo inapozwa kwa upepo na inachemka zaidi. Oili hiyo haihimili.

Petroli inunue kituoni. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kuyatambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na chupa ya barabarani haina wa kuipima. Petroli yenye mafuta ya taa ndani yake hugonga na kupasha moto injini ndogo namna hii kuliko unavyofikiria. Changanya ya kukutosha mwezi mmoja, isizidi.

Tangi la pili ni la oili ya kulainisha cheni. Hapa ndipo oili chafu ya gari humiminwa kwa kisingizio cha kubana matumizi. Oili ile imebeba vumbi la chuma kutoka injini nyingine, na cheni inairusha hewani kama ukungu unaouvuta na unaokurukia usoni. Ukikosa oili halisi ya cheni, oili safi ya SAE 30 au 40, ile ya mashine za kusaga, inafaa. Mafuta ya kula yanalainisha vizuri lakini usiyaache ndani, yanaganda kama gundi. Kujua kama oili inafika, elekeza ncha ya upanga kwenye kipande cha boksi bila kukigusa, ongeza moto kidogo, yaani kasi ya injini: unapaswa kuona mstari wa matone. Na petroli ikiisha, tangi la oili linapaswa kuwa linakaribia kuisha. Likiwa bado limejaa, tundu limeziba.

Matunzo mengine nitayapitia upesi kwa kuwa ni ya brashi na dakika tano jioni. Fungua kifuniko cha ubavuni, ondoa maranda yaliyojibana kwenye sproketi na breki. Kwangua mfereji wa upanga, zibua kitundu cha oili, ugeuze upanga juu chini ili usilike upande mmoja. Kung'uta chujio la hewa, maana likijaa injini inakunywa petroli na kutoa moshi mweusi. Plagi mwanya wake ni milimita 0.5. Cheni ikaze ikiwa baridi: ukiivuta juu vijino visitoke kwenye mfereji, ukiiachia irudi yenyewe, na bado uweze kuisogeza kwa mkono. Ukimaliza kazi ilegeze kidogo, kwa sababu ikipoa inasinyaa. Sproketi badilisha kila cheni mbili zikiisha. Na kwenye silensa, yaani injini ikiunguruma bila kuongezewa moto, cheni isitembee. Ikitembea, punguza skrubu ya silensa kabla hujafanya kitu kingine.

Teke

Robo ya juu ya ncha ya upanga ikigusa kitu wakati cheni inakimbia, mashine nzima inarushwa nyuma na juu kuelekea uso wako. Haikupi nafasi ya kufikiri. Mara nyingi kinachoguswa si gogo unalokata, ni tawi lililo nyuma yake ambalo hukuliona. Ndiyo sababu nyingine ya upanga mfupi. Kidole gumba kizunguke mpini wa mbele kwa chini, kiwiko cha kushoto kinyooke, mwili usimame kidogo kushoto mwa mstari wa cheni, na usikate kitu kilicho juu ya mabega. Breki ya mbele ijaribu kila asubuhi: ongeza moto, sukuma kikinga mkono mbele kwa kifundo, cheni isimame papo hapo.

Kuwasha, iweke chini, ukanyage mpini wa nyuma, breki imefungwa, uvute kamba. Ile mbwembwe ya kuidondosha hewani huku unavuta ni ya kujionyesha. Vaa miwani na vizibo vya masikio, maana kelele yake hupita desibeli 100, na buti ngumu. Kandambili ninaziona kila wiki. Ule mwembe ulioinamia banda, au mti wowote unaogusa nyaya za umeme, si wa kujifunzia. Jirani yangu aliita fundi auangushe, yeye akabaki na kazi ya kukata vipande, na hayo yalikuwa mapatano ya busara.

Pita pia kwa afisa misitu kabla ya kugusa mvule au mninga, hata ukiwa shambani kwako, na uliza habari ya kusafirisha mbao. Visiwani, ulizia kibali cha msumeno wenyewe kabla hujauvusha kwenye boti.

Masika yakianza na mashine inakwenda kulala, mwaga petroli yote, iwashe iungurume mpaka ijizimie ili kabureta ikauke. Vua cheni, ilaze kwenye kopo lenye oili safi. Futa upanga, utie tone la oili kwenye gurudumu la ncha. Mashine iweke juu ya rafu, isikae sakafuni penye unyevu wala karibu na mbolea ya chumvichumvi. Na ile cheni iliyokwisha isitupwe: ndiyo itakayokwenda dukani mfukoni mwako.